Majina Mawili na Hapana

Watu wa Kambu wakikuambia walimpenda susu yangu, waulize kwa nini alikosa gari la kwenda harusi ya binti yake mwenyewe. Utaona vile wataanza kukohoa. Mmoja atakumbuka ameacha maji jikoni. Mimi nimewauliza mara nyingi, tena mbele ya watu, na ndiyo maana siku hizi nikishuka Kambu kutoka Salama, ambako nina kaduka kangu ka vitambaa, kuna wazee wanaovuka barabara wakiniona.

Susu kwetu ni nyanya. Wangu aliitwa Syokau, na mimi pia ni Syokau, kwa sababu mama yangu Mutindi alipopata msichana wa pili alimpa jina la mama yake, kama desturi inavyotaka. Lakini pale Kambu hakuna aliyemwita susu kwa jina lake. Alikuwa Mama Mutindi, kuanzia kwa pasta mpaka kwa mlevi. Ukisema "Syokau," watu walijua unamtaja yule mtoto anayetapika kwa magari. Ndiyo, ni mimi. Shika hilo jambo la majina, maana ndilo lililoleta balaa.

Alizaliwa Kanyangi, akaolewa na Nzuki, mfanyakazi wa reli, akatoka kwao kwa miguu na mzigo kichwani hadi Kambu. Nzuki akafa mapema, akamwachia wasichana wawili, mama yangu na Mumbua. Lami ya barabara ya Mombasa ilipofika, susu akasimamisha kibanda cha chai kando yake. Chai ilikuwa chai tu. Mandazi yake, haki ya nani, ungeweza kuzuia nayo gurudumu la lori kwa mteremko. Madereva walisimama pale kwa sababu ya mdomo wake.

Dereva aliyetoka Mombasa alikuta habari zilizoachwa na aliyetoka Nairobi, na wa Nairobi akakuta za Mombasa. Ndovu wamelala barabarani mbele ya Mtito. Pale kwa kona kuna shimo limekula ekseli ya mtu. Hakuna haja ya wewe kuingia shimo ambalo mwenzako ameshaingia, si ndiyo? Shida ni kwamba susu hakujua kuchuja. Pamoja na shimo, ungeambiwa yule dereva alikuwa na nani ndani ya gari, na kama mke wake anajua. Chai ilipoa, lori likachelewa, na bado alikuwa hajafika kwa ekseli.

Kanisani, pasta akisema tuombee mahitaji ya siri, watu wote waligeuza shingo kumtazama yeye. Aliyeumia zaidi ni Mumbua. Alikua akikuta mambo yake yametangulia barabarani. Alipofeli hesabu darasa la saba, wa kwanza kumpa pole alikuwa dereva wa lori la saruji, Mgiriama ambaye hakuwa amemwona maishani.

Sasa, mwaka wa sabini na tisa, Mumbua akachumbiwa na Jonah, mwalimu wa Kanyangi, na harusi ikapangwa huko huko kwa akina Jonah, mwezi wa nane. Wee! Susu alifurahi mpaka akasahau kutia chumvi kwa mandazi, na hakuna mteja aliyegundua. Kanyangi ni kwao. Alitoka huko akitembea, na sasa angerudi ameketi kwa gari, mama wa bibi arusi, vumbi linapanda nyuma, watu wanatoka mashambani kuangalia. Hicho tu ndicho alichotaka. Hakuomba hata gauni jipya.

Magari yalikuwa matatu. Kulikuwa na lori la Abdallah mwenye duka la jumla, ambalo dereva wake alikuwa Ndolo, baba yangu. Kulikuwa na lori la Mulei mwenye bucha, ambalo lilinuka ng'ombe hata ulioshe na sabuni ya aina gani. Na kulikuwa na pikapu ya Faki, fundi wa nguo aliyeshona gauni la harusi. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi, na kila mtu alikuwa na mtu wake ambaye hawezi kukaa naye. Wengine walikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Wengine walikosana kwaya kwa sababu ya soprano. Na juu ya hayo yote kuna nthoni, ile heshima yetu ya wakwe: mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni adabu, lakini ni adabu inayokula nafasi kwa gari.

Kamati ya harusi ilikaa siku nzima kupanga nani aingie wapi, ikavunjika jioni kwa matusi yaliyofungwa na maombi. Kesho yake kukawa na makundi matatu, na kila kundi likaapa litapanga magari yote peke yake na kuwaaibisha wengine. Wazee walihamia nyuma ya bucha ya Mulei. Akina mama waliingia jikoni mwa kanisa, na Kasyoka, ambaye sauti yake ilitosha kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya reli, akawa mwenyekiti. Wa tatu walikuwa barazani kwa Faki: Faki mwenyewe, Mumbua, na wasichana wa kumsindikiza.

Kila kundi lilichora magari matatu chini kwa chaki, na kila msafiri akawa kizibo cha chupa kilichobandikwa jina lake halisi. Vizibo vya wazee wa kanisa vilikuwa vya bia. Hakuna aliyeuliza vilitoka wapi.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wazee walianza kwa kujiweka wenyewe mahali pazuri, halafu wengine wafuate. Akina mama walianza na masufuria. Faki alisema kwanza tujue gauni litakaa wapi lisikunjike, binadamu baadaye. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kichawi. Unajaza gari la kwanza vizuri, unajaza la pili vizuri, ukifika la tatu unakuta waliobaki wote ni maadui. Unaondoa vizibo, unaanza upya. Na kibaya zaidi, kule jikoni walipoteza asubuhi nzima kugundua kwamba Mutiso na ndugu yake wakiwekwa gari moja lazima watapigana, na wakati huo huo wazee nao walikuwa wanaanza kuwaweka gari moja.

Susu ndiye aliyekuwa akizunguka na birika. Chai bucha, chai jikoni, chai kwa Faki. Na kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, yaliyojulikana jikoni yakafika bucha kabla chai haijapoa. Wazee wakasikia habari ya Mutiso na nduguye, wakaruka lile shimo, wakaendelea. Ilisaidia sana. Mulei mwenyewe alikubali, na Mulei hakubali hata kwamba jua huchomoza.

Lakini mnamjua. Kuja kusema Mutiso asikae na nduguye, alianzia kwa babu yao aliyekufa, akapitia kwa mbuzi, akaeleza mguu wa mbuzi ulivyovunjika. Vizibo vikakaa. Wazee wakaacha kupanga, wakaegemea ukuta, wakawa wanauliza maswali: "Na huyo mbuzi alikuwa wa nani kwanza?" Jikoni hali ilikuwa hiyo hiyo. Kufikia saa sita hakuna kundi lililokuwa likifanya kazi. Kambu nzima ilikuwa inasikiliza.

Mulei akapandwa na hasira. "Mama Mutindi, sikiza. Ukikuja hapa leta majina mawili na hapana. Fulani na fulani, hapana. Basi. Mimina chai uende."

"Na sababu?"

"Sababu baki nayo."

"Na kama kuna kama? Mtu anaweza kusema hapana kama hivi, ndiyo kama vile."

"Majina mawili!" Mulei akasema, akapiga meza ya nyama na kisu. "Hatutaki kama."

Susu alikasirika, lakini alitii, kwa sababu alitaka harusi ifike Kanyangi. Na kweli, kazi ikakimbia. Aliingia jikoni: "Mutiso na kaka yake, hapana. Mzee wa shule na Abdallah, hapana." Akatoka. Huku wanaondoa vizibo, kule wanaondoa vizibo, na hakuna aliyejikwaa pale mwenzake alipojikwaa.

Alasiri ndiyo mambo yakageuka. Jikoni kulikuwa na Ndululu, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa kofia. Kofia hiyo ilikuwa ya zambarau, na ua la plastiki juu, na ilikuwa imesafiri kutoka Nairobi ndani ya boksi lake. Susu aliwahi kuwaambia madereva kwamba chini ya ile kofia nywele ni chache. Ndululu hakusahau. Kwaya yote ilikuwa kwa lori la Mulei pamoja na ngoma, kwa hivyo Ndululu alikuwa lori la Mulei, na alikuwa amesema wazi kwamba Mama Mutindi haingii humo. Kasyoka, akiwa na unga hadi kwa kope, akasahau nani amesimama mbele yake, akasoma jina la kwenye kizibo kwa ile sauti yake: "Syokau na Ndululu, hapana!"

Halafu akashtuka, akafunika mdomo kwa mkono wa unga.

Susu akacheka. "Ai, huyo mtoto! Kweli, atamtapikia." Hakuna aliyemrekebisha. Jikoni kote, na wote wanawake waliookoka. Ndululu akasafisha koo akasema, "Anaweza kukaa na mimi, lakini kama atafunga mdomo kutoka hapa mpaka Kanyangi."

"Huyo afunge mdomo?" susu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Haiwezekani!" Akachukua birika akaenda, na ile "kama" akaiacha njiani, kama alivyoagizwa.

Kasyoka mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na bado anacheka akifika hapo. Mimi huwa sicheki.

Susu alipoifikisha bucha, bado akimcheka mtoto, wazee wakaona hiyo njia ni rahisi. Walikuwa wamebishana saa nzima juu ya nthoni: lori la Abdallah linaendeshwa na Ndolo, Ndolo ni mkwe wa Mama Mutindi, lakini yeye atakuwa mbele na mama mkwe atakuwa nyuma. Je, kioo cha pembeni kinahesabika? Akitazama kioo, si atamwona? Wakaamua kioo kinahesabika. Hapo hapo wakamwambia, bila kuinua macho, "Syokau na Ndolo, hapana."

"Ndiyo," susu akasema, "akimwona baba yake atataka kushika usukani." Akamimina chai.

Akafika kwa Faki. Faki alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akautunga muda mrefu sana. Mumbua alikuwa anatazama sakafu. Ni Mumbua aliyesema mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Syokau na bibi arusi, hapana."

Huyo hakuwa na kama yoyote. Alikuwa amewaambia wasichana kwamba siku moja tu, siku moja maishani mwake, anataka kusafiri bila mambo yake kusimuliwa kwa dereva.

Susu akampiga begani kwa upole. "Umefikiri vizuri, mwanangu. Gauni jeupe na yule mtoto? Hata mimi ningekataa." Akabeba ile hapana mpaka bucha, akaibeba mpaka jikoni, akaitangaza kwa nguvu kwa sababu aliona ni ya busara.

Saa kumi makundi yote yalikuwa yamemaliza, na cha ajabu, mpango ulikuwa mmoja. Wakakusanyika uani mwa kanisa. Mulei akasoma magari yote, gari kwa gari, watu wakipiga makofi. Susu alikuwa anazunguka na vikombe.

"Na Syokau?" akauliza.

Mulei akatazama viatu vyake. "Syokau hakupata gari."

"Basi, mtoto abaki. Lakini atabaki na nani? Si sisi wote tunaenda?"

Mama yangu alikuwa amefika kutoka Kibwezi wakati huo huo, mimi nikiwa mgongoni mwake, na hakujua lolote. Akamwambia mama yake, "Mwaitu, mtoto ako lori ya Mulei na mimi. Imesomwa 'Mutindi na mtoto,' hujasikia?"

Susu akaweka birika chini. Akawatazama mmoja mmoja, Kasyoka, Mulei, Faki, na Mumbua mwisho.

"Kumbe Syokau ni mimi," akasema.

Aliumia. Nasema wazi kwa sababu wao huwa wanaruka hapo: aliumia mpaka midomo ikatetemeka, na hakuna aliyewahi kuona hiyo midomo ikifanya kazi nyingine isipokuwa kuongea. Halafu hasira ikamjia.

"Nyinyi watu! Nimezunguka na miguu yangu kutwa nzima, nimejifukuza mwenyewe gari ya kwanza, nikajifukuza ya pili, nikajifukuza ya tatu, na chai yangu mnakunywa! Hata wewe Mumbua?"

Mumbua akaanza kulia. Pasta akafungua mdomo kusema tuombe, susu akamwonyesha kidole akaufunga.

"Ngojeni," susu akasema, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Ndolo ni nthoni, siwezi kubishana. Mumbua amekataa, nimesikia. Lakini Ndululu alisema kama. Alisema kama nitafunga mdomo mpaka Kanyangi. Hiyo kama sikuileta kwa wazee, kwa sababu Mulei alikataa kama. Niliitupa hapo njiani karibu na kwa fundi wa pancha. Sasa nimerudi kuichukua."

Watu wakamgeukia Ndululu.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, Mama Mutindi," Ndululu akasema. "Hutaweza."

"Nitaweza."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mulei akasema hata Kibwezi hatafika.

Tuliondoka alfajiri. Susu alikuwa amejifunga leso chini ya kidevu na juu ya kichwa, kama mtu wa jino, na alikaa karibu na Ndululu, mimi nikiwa mapajani mwake. Kibwezi watu walimwita, "Mama Mutindi! Harusi ni leo?" Akainua mkono. Tulivuka Athi. Kwaya ikaimba, yeye akapiga makofi tu. Mama anasema shingo ya susu ilikuwa imevimba kwa maneno. Ndululu alimtazama kwa pembe ya jicho, akingoja. Kwa sababu ya upepo, alikuwa ametoa ile kofia akaiweka mapajani, ua likiangalia juu.

Baada ya Ikutha barabara ikawa mbaya, na mimi nikanyamaza. Mimi nikikaribia kutapika hunyamaza, halafu hupiga miayo. Susu aliijua hiyo miayo kuliko mtu yeyote. Akamvuta Ndululu mkono wa nguo.

"Ahaa!" Ndululu akasema. "Imekushinda! Nilijua!" Akageuza uso upande ule mwingine.

Susu akamvuta tena. Akaonyesha kofia, akanionyesha mimi, akaonyesha kofia tena. Ndululu akafunga macho akaanza kuimba alto.

Nilijaza kofia. Sisemi hivyo kujisifu.

Kelele zilizotoka hapo zilimfanya Mulei asimamishe lori, akidhani mtu ameanguka. Ndululu alikuwa ameshika ile kofia mbali na mwili wake. "Ulijua!" akamwambia susu. Susu akatikisa kichwa, ndiyo. "Na hukusema!" Susu akagusa ile leso ya kidevuni kwa kidole kimoja. Lori lote likaangua kicheko, soprano na alto pamoja, watu ambao hawakuwa wamesalimiana tangu Pasaka.

"Sema sasa!" Ndululu akapiga kelele. "Nimekuruhusu! Ongea!"

Susu akakataa kwa kichwa, akaonyesha barabara mbele. Kanyangi ilikuwa bado.

Na hivyo ndivyo alivyoingia kwao, ameketi, vumbi nyuma, watu wakitoka mashambani, wanawake aliocheza nao utotoni wakimwita kwa jina lake la usichana, "Syokau! Syokau wetu!" na yeye hawezi kuwajibu mpaka magurudumu yasimame. Mama anasema machozi yalimtoka yakaingia kwa leso.

Lori likasimama. Sasa alikuwa huru kuongea, na hakuongea. Mumbua alikuja mbio kutoka kwa pikapu, Faki nyuma yake ameshika gauni lisiguse chini. "Mwaitu, umenikasirikia? Niambie kitu." Susu akamnyoosha shela, akampangusa shavu kwa kidole, akaingia kanisani.

Baada ya kiapo, pasta wa Kanyangi, ambaye hakumjua, akasema mama wa bibi arusi asimame atoe neno. Mungu wangu. Watu wote wa Kambu wakashika benchi. Mulei akainama kama anayefunga kamba za viatu. Mumbua akashika mkono wa Jonah akafumba macho, akingoja darasa la saba litajwe, akingoja yote.

Susu akasimama. Akafungua ile leso polepole, akaikunja.

"Mumbua na Jonah," akasema. "Ndiyo."

Akakaa.

Mumbua alilia mpaka Faki akakimbia na kitambaa kuokoa gauni. Watu wakatazamana. Ndipo Ndululu, kichwa wazi, nywele chache mbele ya Kanyangi yote, akasimama kule kwa kwaya akasema, "Mama Mutindi, ongeza!" Kasyoka naye, "Ongeza!" Mulei naye. Mwishowe ikawa sauti ya Mumbua peke yake: "Ongeza, mwaitu. Sema yote."

Susu alitazama mbele, mikono juu ya leso.

"Mlisema majina mawili," akajibu.